Maswali ya Wasomaji: Kuendesha Tawi la Mkahawa Chini ya Jina la Kampuni Nyingine

Toleo lililopita lilieleza kwa kifupi utaratibu wa franchaizi katika biashara ya chakula, yaani mtu kulipia haki ya kutumia jina, mapishi na mfumo wa kazi wa kampuni nyingine, huku mtaji, wafanyakazi na hasara vikibaki mikononi mwake mwenyewe. Barua zilizofuata zimetoka kwa watu waliokwisha kufungua matawi na kwa wengine ambao bado wana mkataba mezani. Tumechagua sita na kuzifupisha. Katika majibu, kampuni yenye jina tunaiita mwenye chapa, na aliyelikodi jina tunamwita mwenye tawi. Mrabaha ni ada ambayo mwenye tawi humlipa mwenye chapa kwa kutumia jina hilo.

Mauzo ni makubwa, faida siioni

*Ndugu Mhariri, ninaendesha tawi la kuku na chipsi la chapa ya kigeni hapa Sinza, Dar es Salaam. Kwa mwezi ninauza wastani wa shilingi milioni 75 baada ya kuondoa VAT. Wateja hawakauki, hasa Ijumaa na mwisho wa mwezi, lakini nikishalipa kila anayenidai sibaki na kitu. Mrabaha ni asilimia 6, mfuko wa matangazo asilimia 4, pango milioni 9, mishahara pamoja na michango yake milioni 14, umeme, gesi, maji na jenereta milioni 6, vifungashio milioni 3. Malighafi inakula asilimia 38 ya mauzo ingawa mwongozo wa kampuni unasema isizidi 32. Je, nipandishe bei?*
*Msomaji, Sinza*

Ndugu yetu wa Sinza, bei usiiguse kwanza. Jambo linalowaponza wenye matawi wengi ni kusahau kwamba mrabaha hukatwa kwenye mauzo, wala si kwenye faida. Mwenye chapa hupata asilimia 6 yake hata katika mwezi ambao wewe umekula hasara, na mfuko wa matangazo nao huenda hivyo hivyo. Kwa hiyo kati ya milioni 75 zako, milioni 7 na nusu zimekwisha kuondoka kabla hujanunua hata kiazi kimoja. Ukitoa malighafi ya milioni 28 na nusu, pango, mishahara, nishati na vifungashio, unabakiwa na milioni 7, na hizo bado hazijagusa matengenezo ya mashine, vibali, riba ya benki na kodi ya mapato. Ndiyo maana huoni kitu.

Ulifanya vyema kutaja VAT, kwa sababu wengine husoma jumla ya mashine na kudhani yote ni yao. Kama hizo milioni 75 zingekuwa na VAT ya asilimia 18 ndani yake, mauzo yako halisi yangekuwa takriban milioni 63 na nusu tu, na kinachobaki ni cha TRA, mamlaka ya mapato. Hakikisha pia kwamba mwenye chapa anakokotoa mrabaha kwenye mauzo yasiyo na VAT, kwani kuna mikataba iliyoandikwa kwa ulegevu ambayo humfanya mwenye tawi alipe mrabaha juu ya kodi ya serikali.

Sasa tazama tofauti kati ya asilimia 38 na 32. Kwa mauzo yako ni shilingi milioni 4 na nusu kila mwezi, na hiyo ndiyo faida unayoitafuta. Haijapotea sokoni wala kwa washindani. Inapotelea ndani ya jiko lako, kidogo kidogo, mahali ambapo mtu aliyekaa ofisini hawezi kupaona.

Simama karibu na mtu wa chipsi saa ya mchana watu wanapojaa. Tuseme kipimo cha kampuni ni gramu 120 kwa sahani, lakini kijana wa watu ana haraka, foleni inamtazama, koleo lake linajaa, na kila sahani inatoka na gramu 150. Kwa sahani 300 kwa siku hizo ni kilo 9 za chipsi zilizoiva ambazo hakuna aliyezilipia, na kwa kuwa kiazi hupoteza maji mengi kinapokaangwa, kilo zilizotoka stoo ni nyingi zaidi ya hizo. Hakuna aliyeiba. Dawa yake ni mizani ndogo mezani, na msimamizi wa zamu kupima sahani tano bila taarifa, mara kadhaa kwa siku, mpaka mkono uzoee kipimo.

Kuku wanahesabika kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo ningeanzia. Mkikata kuku 40 vipande 9 kila mmoja, mna vipande 360. Usiku, kabla taa hazijazimwa, mashine ya mauzo iseme vimeuzwa vipande vingapi, daftari la vilivyoharibika liseme vingapi vilitupwa na kwa nini, kisha vilivyobaki vihesabiwe kwa mkono. Ikiwa vimeuzwa 318, vimetupwa 20 na vimebaki 10, kuna vipande 12 visivyo na maelezo. Vipande 12 kwa usiku mmoja si habari, lakini vikijirudia kila siku kwa mwezi ni zaidi ya vipande 350, yaani karibu sawa na siku nzima ya kazi. Hesabu ya namna hii ifanywe kila usiku kwa vitu vichache vya bei kubwa, yaani kuku, mafuta, jibini, soda na chipsi, na hesabu ya stoo nzima ifanywe kila wiki: ulichoanza nacho, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki, kinachopatikana ndicho ulichotumia. Ukisubiri mwisho wa mwezi utajua kwamba umepoteza, ila hutajua siku ipi wala zamu ipi.

Kagua na mlango wa kupokelea mizigo. Mzigo unaopokewa saa tano asubuhi, wakati wote wanajiandaa kwa chakula cha mchana, hupokewa kwa kusaini tu karatasi ya dereva. Panga saa ya kupokea, pima kila katoni, na kuku wa baridi wasiofikia kiwango cha ubaridi uliokubaliwa warudi na gari lililowaleta.

Jambo la mwisho kwako ni ofa. Mwenye chapa anayelipwa kwa mauzo hunufaika na kila ofa inayovuta watu, hata ile inayokuachia wewe senti chache kwa kila kapu. Kabla ya kuikubali, kokotoa kapu moja la ofa linabakiza kiasi gani baada ya malighafi, kifungashio na ile asilimia 10 ya mrabaha na matangazo, na kama ni hasara, peleka hesabu hiyo kwa maandishi na uombe mfuko wa matangazo, ambao ni fedha zenu wenye matawi, uchangie pengo.

Mkataba kabla ya kusaini

*Assalaam aleikum. Mimi na ndugu zangu tunaishi Maskati na tumevutiwa na chapa moja ya vyakula vya kuchoma inayofanya vizuri huku Ghuba. Tunataka kuipeleka Zanzibar na baadaye Dar es Salaam. Wenyewe wametupa mkataba wa kurasa nyingi na wanatutaka tusaini ndani ya wiki moja ili tupate punguzo la ada ya kuingilia. Tuangalie nini?*
*Msomaji, Maskati*

Waaleikum salaam. Punguzo la kuharakishwa lisikusukumeni. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamlazimisha mwenye chapa kumpa mnunuzi waraka wa maelezo wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Afrika Kusini, kupitia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, nayo inadai waraka wa maelezo siku 14 kabla, na inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini bila adhabu. Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi, na maana yake ni kwamba kinga yenu karibu yote imo ndani ya mkataba wenyewe. Ombeni basi kwa hiari yao kile ambacho Marekani na Afrika Kusini hutoa kwa lazima: orodha ya matawi yote, majina na simu za waliokwisha kufunga au kuondoka, kesi zilizopo mahakamani, na hesabu za kampuni zilizokaguliwa. Wapigieni simu walioondoka, kwani aliyebaki bado ana mkataba wa kulinda na aliyeondoka anaweza kusema kwa uwazi zaidi.

Kwa upande wa jina, fahamuni kwamba alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) inalindwa Tanzania Bara peke yake, na Zanzibar ina usajili wake kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Mkilipa fedha nyingi kwa jina ambalo mtu mwingine amekwisha kulisajili Unguja, mtakuwa mmenunua ugomvi. Mwenye chapa asajili pande zote mbili, kwa gharama zake, na hilo liwe sharti la kuanza kwa mkataba.

Fedha zichunguzwe kwa makini zaidi kuliko kitu kingine. Mrabaha unaolipwa nje ya nchi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 Tanzania, yaani kodi inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mpokeaji. Someni nani anaibeba. Kama mkataba unasema mwenye chapa lazima apokee asilimia 6 kamili mkononi, basi mzigo ni wenu, na mrabaha wenu wa kweli ni asilimia 7 na kidogo. Tofauti hiyo ya asilimia moja ya mauzo, kwa miaka 10, inaweza kuwa sawa na bei ya jiko zima. Ulizeni vilevile malipo ni kwa sarafu gani na kwa kiwango cha siku ipi, maana mauzo yenu yatakuwa ya shilingi na deni la dola halisubiri shilingi ipate nafuu.

Eneo la kipekee liandikwe kwa mipaka inayoonekana kwenye ramani, na liseme wazi kuhusu oda za simu na za programu za kupelekea chakula, kwa sababu tawi la jirani linaweza lisifungue mlango ndani ya eneo lenu lakini bodaboda zake zikawa mitaani kwenu kila usiku. Angalieni muda wa mkataba dhidi ya muda wa pango: kusaini franchaizi ya miaka 10 katika fremu yenye mkataba wa miaka 3 ni kumpa mwenye nyumba fimbo. Kuna pia kifungu cha ukarabati, ambacho humruhusu mwenye chapa kudai mbadilishe muonekano wote wa mgahawa kila baada ya miaka kadhaa. Kiwekeeni kikomo cha gharama. Na kama kuna dhamana binafsi, kila ndugu anayesaini ajue kwamba nyumba yake imo ndani.

Mwisho, msipeleke mkataba huo kwa wakili wa Maskati pekee. Mpelekeeni na wakili wa Tanzania, akae nao siku kadhaa. Punguzo mtakalopoteza ni dogo kuliko kifungu kimoja kibaya.

Kwa nini nisinunue viazi vya hapa?

*Mhariri, nina tawi jijini Nairobi na ninalazimika kununua vibanzi vilivyogandishwa kutoka kwa msambazaji mmoja aliyeidhinishwa. Wakulima wa Nyandarua wana viazi tele, tena kwa bei nafuu. Shehena ikichelewa, ninakaa bila vibanzi. Je, kuna ubaya gani nikinunua kimyakimya sokoni hadi mzigo ufike?*
*Msomaji, Nairobi*

Swali lako lina historia. Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa vibanzi kwa sababu meli zilichelewa, na kampuni ilipoeleza kwamba wasambazaji wake wote lazima wapitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, Wakenya walikasirika mitandaoni, wakauliza inawezekanaje nchi yenye viazi kiasi hiki ikose vibanzi. Baadaye kampuni ilisema itaanza kutafuta viazi vya ndani. Hata Uingereza yaliwahi kutokea makubwa zaidi: Februari 2018, KFC ilipobadilisha kampuni ya usafirishaji, mamia ya matawi kati ya takriban 900 yalifungwa kwa kukosa kuku.

Hasira ya watu ilikuwa na haki, na mimi naamini chapa yoyote inayokula sokoni kwetu inapaswa kununua shambani kwetu. Lakini njia ya kimyakimya haikufai. Kwanza, kununua nje ya orodha ni kosa ambalo katika mikataba mingi humpa mwenye chapa haki ya kukunyang'anya jina. Pili, kiazi si kiazi tu. Cha kukaanga kinahitaji unga mwingi na maji machache ndani yake, na sukari iwe kidogo. Viazi vilivyokaa kwenye baridi kali hujenga sukari, na vikiingia kwenye mafuta hugeuka kahawia iliyokoza na kuwa vichungu kabla havijaiva vizuri. Shangi, aina ya kiazi ambayo ndiyo imejaa masokoni, ni tamu na huiva haraka, lakini huchipua upesi baada ya kuvunwa, hivyo kuiweka ghalani kwa wiki nyingi ni kazi ngumu. Mteja akipewa vibanzi vya rangi tatu tofauti katika wiki moja, hatamlaumu mkulima, atakulaumu wewe.

Njia iliyo sawa ni ndefu, nayo huanza kabla ya upungufu. Ungana na wenye matawi wenzako wa chapa hiyo, kwa sababu ombi la tawi moja hutupwa na ombi la matawi kumi husomwa. Tafuteni mchakataji wa ndani ambaye tayari ana cheti cha usalama wa chakula na mashine ya kugandisha, mpeleke sampuli zake kwa mwenye chapa, na muombe kwa maandishi aidhinishwe kuwa msambazaji wa pili. Dai pia kifungu cha dharura kinachosema mnunue wapi, na kwa vipimo gani, mzigo ukichelewa zaidi ya siku kadhaa. Pale Nairobi mwaka 2022 wateja walipewa bani (mkate mdogo wa duara) au saladi ya kabichi badala ya vibanzi, na aliyekwisha kuandaa mbadala mapema ndiye anayeuza siku hiyo.

Mdogo wangu ndiye meneja

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa miaka 58, nimestaafu, nimeweka kiinua mgongo changu kwenye tawi la mkahawa hapa Mwanza. Nilimpa mdogo wangu wa mwisho umeneja kwa sababu namwamini. Kampuni inalalamika kwamba viwango vimeshuka, na wafanyakazi wanaacha kazi kila mwezi. Sipendi kumwaibisha ndugu yangu. Nifanyeje?*
*Msomaji, Mwanza*

Mama, kwanza pole, na tunakushukuru kwa kuandika bila kuficha. Uaminifu wa mdogo wako hatuutilii shaka. Umeneja wa mkahawa, hata hivyo, ni kazi ya ufundi, na kumpa mtu asiyefundishwa ni kumwonea yeye kabla ya kukuonea wewe. McDonald's ilifungua chuo chake cha mafunzo mwaka 1961 huko Illinois, wakati huo kikiwa katika chumba cha chini cha mgahawa, kwa sababu iliona kwamba jiko linalofanana kila mahali haliwezekani bila mameneja waliofundishwa namna moja. Karibu kila mwenye chapa leo ana mafunzo ya lazima kwa meneja. Uliza kama mdogo wako aliyamaliza. Kama hakuyamaliza, mpeleke sasa, na wakati hayupo muombe mwenye chapa akupe meneja wa muda. Hivyo hatoki kwa aibu, anatoka kwa kwenda kusoma. Akirudi akashindwa, mpe kazi nyingine inayomfaa, kwa mfano ununuzi au mahusiano na ofisi za serikali, na umeneja umpe aliyeuweza.

Kuhusu wafanyakazi kuondoka, kabla ya kuwalaumu tazama ratiba ya zamu. Je, inabandikwa ukutani wiki moja kabla, au mtu anapigiwa simu usiku aje asubuhi? Je, anayefunga saa sita usiku ana usafiri wa kurudi nyumbani? Je, mshahara unaingia tarehe ile ile? Kila mfanyakazi mpya anayejifunza upya mashine ya kukaangia anakugharimu mafuta, kuku na uvumilivu wa wateja, kwa hiyo kuongeza mshahara kidogo kwa aliyekwisha kujua kazi mara nyingi ni nafuu kuliko kuajiri.

Na kwa kuwa fedha hizi ni kiinua mgongo chako, mama, kuna karatasi mbili ambazo mtu yeyote akiwa meneja, awe ndugu au mgeni, wewe mwenyewe uzione kila siku. Ya kwanza ni ripoti ya risiti zilizofutwa, inayoonyesha ni keshia gani alifuta, saa ngapi, na nani aliidhinisha. Risiti nyingi zinazofutwa na mtu mmoja, baada ya chakula kutoka na mteja kulipa taslimu, zinahitaji maelezo. Ya pili ni ulinganisho wa lipa namba na mashine: jumla ya malipo ya simu katika mashine ya mauzo lazima ilingane na iliyoingia kwenye lipa namba ya biashara. Pita pia kaunta ukaangalie kama hakuna namba ya mtu binafsi iliyobandikwa pembeni. Mwombe mdogo wako akuletee karatasi hizo kila asubuhi kama kanuni ya biashara, si kama tuhuma, na wewe uzisome mbele yake.

Ninaweza kuongeza viazi karai?

*Mhariri, tawi langu liko Mombasa na wateja wananiuliza viazi karai na mahamri jioni. Kampuni haina vitu hivyo kwenye menyu. Ninaweza kuviongeza?*
*Msomaji, Kisauni*

Bila ruhusa ya maandishi, hapana. Lakini omba, na omba kwa hesabu. Baadhi ya vyakula vinavyojulikana zaidi vya McDonald's vilibuniwa na wenye matawi: mkate wa samaki uitwao Filet-O-Fish ulianzishwa mwaka 1962 na Lou Groen wa Cincinnati, ambaye mauzo yake yalikuwa yakianguka kila Ijumaa kwa sababu majirani zake wengi walikuwa Wakatoliki wasiokula nyama siku hiyo, na Big Mac ilianza mwaka 1967 kwa Jim Delligatti, mwenye matawi huko Pennsylvania. Groen hakusema tu kwamba watu wanataka samaki. Alionyesha mauzo ya Ijumaa. Nawe chukua mauzo yako ya saa kumi hadi saa moja jioni, onyesha pengo, eleza kwamba viazi karai hutumia kikaangio na mafuta uliyonayo, na upendekeze majaribio ya miezi mitatu katika tawi moja. Wakati wa Ramadhani ombi kama hili hupata sikio kirahisi zaidi.

Nataka kukodisha jina langu mwenyewe

*Ndugu Mhariri, nina migahawa miwili Arusha ya nyama choma na ndizi. Watu wa Moshi na Dodoma wananiomba wafungue kwa jina langu. Nianzie wapi ili nisije nikanyang'anywa kilicho changu?*
*Msomaji, Arusha*

Hofu yako ina mfano. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, ndio waliobuni mfumo wa jiko la haraka huko San Bernardino, California, mwaka 1948. Ray Kroc, aliyekuwa akiwauzia mashine za kuchanganyia maziwa, alichukua haki ya kusambaza jina, akafungua tawi lake la kwanza Des Plaines mwaka 1955, na kufikia 1961 alikuwa amewanunua kwa dola milioni 2.7. Ndugu hao walikuwa na wazo bora, ila mwenye nguvu alikuwa yule aliyeshika mikataba na matawi. Basi anza kwa kusajili jina na nembo yako BRELA katika daraja la 43, ambalo ndilo la huduma za chakula. Usajili wa Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Baada ya hapo, andika. Mapishi ambayo yamo kichwani mwa mpishi wako mkuu bado si mali yako. Marinedi, yaani mchanganyiko wa viungo wa kulowekea nyama, ina gramu ngapi za chumvi kwa kilo ya nyama, nyama inakaa humo saa ngapi, mkaa unasukumwa vipi jiko likizidi moto, ndizi inachomwa ikiwa imekomaa kiasi gani: yote yawe kwenye kijitabu ambacho kijana asiyekujua anaweza kukifuata na nyama ikatoka na ladha ya Arusha. Kabla ya kumkabidhi mtu wa Moshi, jaribu kijitabu hicho kwenye mgahawa wako wa pili, ukae mbali nao miezi kadhaa. Ukiona ladha imepotoka, kosa liko kwenye kijitabu, na ni nafuu kulijua sasa.

Kuhusu malipo, wengi watakushauri udai asilimia ya mauzo kama kampuni kubwa. Mimi kwako ningefikiria njia ya Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC. Alipompa Pete Harman wa Salt Lake City haki ya kuuza kuku wake mwaka 1952, na waliofuata baada yake, alidai senti chache kwa kila kuku, na mchanganyiko wa viungo ulitoka kwake ukiwa tayari. Katika mgahawa wa nyama choma, ambako sehemu kubwa ya mauzo ni taslimu na huwezi kukaa Dodoma ukikagua mashine, asilimia ya mauzo ni vigumu kuithibitisha. Marinedi ikitengenezwa Arusha, ikapakiwa kwa ndoo za kipimo maalumu na kuuzwa kwa wenye matawi kwa bei iliyobeba mrabaha wako, unapata mambo mawili kwa pamoja: ladha inafanana, na idadi ya ndoo zilizokwenda Moshi mwezi huu inakuambia kilo ngapi za nyama zimeuzwa. Ndoo zikipungua huku mgahawa umejaa watu, panda basi uende ukaonje.